Kuchagua Vitabu vya Marudio kwa Mtihani wa Ubingwa wa Magonjwa ya Dharura

Daktari anayejiandaa kwa mtihani wa ubingwa wa magonjwa ya dharura hapa kwetu ana tatizo ambalo mwenzake wa upasuaji au wa magonjwa ya wanawake hana kwa kiwango hicho, kwa sababu fani yenyewe bado ni changa. Idara ya magonjwa ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, mafunzo ya shahada ya uzamili ya fani hiyo katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili yakaanza mwaka huohuo, na wahitimu wa kwanza wakatoka mwaka 2013. Vitabu vikubwa vya fani vilivyokuwapo wakati huo vilikuwa vimeandikwa Marekani na Uingereza, kwa kuwafikiria wagonjwa wa huko, vipimo vya huko na mitihani ya huko. Ni vitabu vizuri, na sina nia ya kumkataza mtu kuvisoma. Ninachotaka kueleza ni namna ya kuvichagua, ili kitabu kikusaidie kujibu swali la mtihani na, kesho yake, kumhudumia mtoto mwenye homa aliyeletwa kwa bodaboda saa nane za usiku.

Hatua ya kwanza: ujue mtihani kabla ya kujua kitabu

Usinunue chochote kabla hujaweka mezani mtalaa wa mtihani wako na maelezo ya muundo wake. Mtihani wa maswali ya kuchagua, mtihani wa maswali ya kujieleza kwa ufupi, mtihani wa vituo na mtihani wa mdomo ni mitihani minne tofauti, hata kama yote inauliza habari za mshtuko wa mwili au za kuvunjika kwa nyonga. Wa kwanza unakutaka utambue jibu bora kati ya majibu yanayofanana, wa pili ukumbuke bila msaada, wa tatu ufanye mbele ya macho ya mtu, na wa nne uitetee hoja yako pale mtahini anapoitikisa. Kitabu kinachomwandaa mtu vizuri kwa mmoja huenda kisimfae kabisa kwa mwingine.

Baadhi ya madaktari wetu hufanya pia mitihani ya Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Dharura cha Uingereza, na hapo ndipo nimeona fedha nyingi zikipotea. Sehemu ya kwanza ya mtihani wa uanachama ina maswali 180 yanayojibiwa kwa saa 3, yaani dakika moja kwa swali, na theluthi moja ya maswali hayo ni ya anatomia na theluthi nyingine ni ya fiziolojia. Daktari aliyefanya kazi miaka minne kwenye idara, akanunua kitabu cha maswali ya wagonjwa kwa kuamini kwamba mtihani wa dharura utauliza dharura, ataingia kwenye chumba cha mtihani na kuulizwa neva ipi inahudumia msuli upi wa kiganja. Sehemu inayofuata, ya maswali ya kitabibu, siku hizi huwa na karatasi mbili za maswali 90 kila moja, ya kuchagua jibu moja bora. Awali ilikuwa ya maswali mafupi ya kujieleza. Vitabu vilivyoandikwa kwa muundo ule wa zamani bado vinauzwa, vina sura nzuri na bei nafuu, na vinakufundisha kufanya jambo ambalo hutaombwa kulifanya.

Kwa mitihani ya vyuo vyetu, waombe waliokutangulia wakueleze muundo wa karatasi walizofanya, kisha mwombe mwalimu athibitishe kama haujabadilika. Swali la kumuuliza mtangulizi ni hili: ni eneo gani lilikukuta hukujiandaa? Jibu lake lina faida kubwa kuliko orodha ya vitabu alivyosoma.

Hatua ya pili: kitabu mama kimoja, na si zaidi

Nilipoanza masomo ya ubingwa nilinunua vitabu vitano. Ulipofika mtihani wa mwaka wa kwanza nilikuwa nimesoma sura za mwanzo za vyote vitano, sura ambazo kwa kawaida huzungumzia njia ya hewa na ufufuaji, na sikuwa nimefika kwenye sumu, macho, ngozi wala magonjwa ya akili katika kitabu hata kimoja. Mwenzangu wa chumba alikuwa na kitabu kimoja kilichochakaa, kurasa zake zimejaa wino pembeni, na alikuwa amekimaliza. Matokeo yetu yalilingana na kazi ya kila mmoja.

Kwa hiyo chagua kitabu mama kimoja. Viwili vinavyotajwa zaidi ni kile cha Tintinalli, ambacho ni juzuu moja yenye sura nyingi fupi, na kile cha Rosen, ambacho kimegawanywa katika juzuu mbili na hueleza kwa kirefu zaidi chanzo cha ugonjwa na namna mwili unavyoitikia. Kwa maoni yangu, mtu anayefanya kazi zamu za usiku na ana mwaka mmoja wa kujiandaa atafika mbali zaidi na kile cha kwanza, kwa sababu sura moja inaweza kumalizika katika kikao kimoja. Anayependa kujua sababu ya kila jambo, na ambaye hatulii mpaka ameelewa, atafurahia cha pili. Usiamue kwa sifa unazozisikia. Nenda maktaba, soma sura ya mgandamano wa damu kwenye mapafu katika vyote viwili, funga vitabu, kisha andika unachokumbuka. Kile kilichokuachia zaidi kichwani ndicho chako.

Kando ya kitabu mama weka kitabu kidogo cha mfukoni kilichoandikwa kwa mazingira yanayofanana na yetu. Shirikisho la Afrika la Tiba ya Dharura, lililoanzishwa mwaka 2009, limetoa kitabu cha mwongozo kilichoandaliwa na madaktari wanaofahamu hospitali ambazo kipimo cha damu huchukua nusu siku na mashine ya CT iko mkoa mwingine. Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa mwaka 2018 kitabu cha kozi ya huduma ya msingi ya dharura, ambacho kinapatikana bure. Madaktari wengi wa ubingwa hukidharau kwa kuwa kimeandikwa pia kwa ajili ya wauguzi na matabibu. Wanakosea, kwa sababu mpangilio wake wa njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu na kumfunua mgonjwa ndio mpangilio ambao mtahini wa vituo anautafuta, na wengi wanaofeli vituo hawafeli kwa kukosa elimu ya juu bali kwa kuruka hatua moja ya hizo. Cha tatu ni mwongozo wa kitaifa wa matibabu wa Wizara ya Afya, ambao nitaurudia hapa chini.

Hatua ya tatu: kijaribu kitabu kwa wagonjwa wa kwetu

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huiruka. Kabla ya kulipa fedha, fungua faharasa ya kitabu na utafute mambo manne: mtoto mwenye homa na mzunguko hafifu wa damu, malaria kali, sumu za kuua wadudu za kundi la oganofosfeti, na kuumwa na nyoka. Dakika ishirini zinatosha kukuonyesha kitabu kimeandikwa kwa ajili ya nani.

Anza na mtoto. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mtoto aliye katika mshtuko apewe haraka maji ya mshipani mililita 20 kwa kila kilo ya uzito, kisha yarudiwe. Mwaka 2011 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, katika hospitali ambazo ni pamoja na Kilifi, Mulago na Teule ya Muheza. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa katika makundi: wengine wakapewa maji ya haraka, ya chumvi au ya albumini, na wengine hawakupewa maji ya haraka. Ndani ya saa 48 walifariki kiasi cha asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa. Watoto hao walikuwa wa kwetu, wengi wao wakiwa na malaria na upungufu wa damu, katika wodi zisizo na mashine za kupumulia. Miongozo ya kimataifa ya sepsisi ya watoto (sepsisi ni maambukizi makali yanayofanya viungo vya mwili vishindwe kazi) ya mwaka 2020 ililizingatia jambo hilo kwa kutofautisha hospitali zenye huduma ya wagonjwa mahututi na zisizo nayo, na kwa hizo za pili ikaelekeza kwamba maji ya haraka yasitolewe kwa mtoto ambaye shinikizo lake la damu halijashuka.

Sasa kitazame kitabu ulichokishika. Je, kinautaja utafiti huo? Kama kinautaja, je, kinaeleza pia kwamba watoto wenye kuharisha na upungufu mkubwa wa maji mwilini hawakuhusishwa, hivyo mtu asije akamnyima maji mtoto wa kipindupindu kwa kuusoma vibaya? Kitabu kinachojibu maswali yote mawili kimeandikwa na mtu makini. Kinachoandika mililita 20 kwa kilo kwa kila mtoto bila neno zaidi kinaweza kukupatia alama katika mtihani fulani wa nje na kukupotezea alama hapa nyumbani. Kibaya zaidi, kitakuwekea mkononi tabia ambayo hutaikumbuka kuiacha usiku ule wa bodaboda.

Hali ni hiyohiyo kwa watu wazima. Utafiti uliofanyika Zambia na kuchapishwa mwaka 2017 uliwapa wagonjwa wa sepsisi wenye shinikizo la chini la damu utaratibu wa maji mengi ya mapema na dawa za kupandisha shinikizo, na vifo hospitalini vikawa asilimia 48.1, ikilinganishwa na 33.0 kwa waliopata huduma ya kawaida. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI. Mwanafunzi anayejua namba hizo, na anayejua pia kwamba miongozo ya kimataifa ya mwaka 2021 ililegeza pendekezo lake la mililita 30 kwa kilo kutoka pendekezo zito hadi pendekezo hafifu, anaweza kusimama mbele ya mtahini yeyote, wa Dar es Salaam au wa London, na akaeleza kwa nini anachagua anachochagua.

Kwa malaria kali, tafuta dozi ya artesuneti ya sindano. Kitabu kinachofaa kitakwambia miligramu 2.4 kwa kilo, wakati wa kuanza, baada ya saa 12 na baada ya saa 24, na kitakwambia kwamba mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo. Hiyo tofauti ya watoto wadogo iliingizwa katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, hivyo kutokuwapo kwake kunakufunulia umri wa maarifa ya mwandishi. Kitabu ambacho bado kinaweka kwinini mbele kirudishe rafuni.

Kwa sumu za oganofosfeti, angalia kitabu kinasema atropini iongezwe mpaka lini. Jibu sahihi ni mpaka kifua kikauke na mapigo ya moyo na shinikizo la damu vipande, dozi ikirudufiwa kila baada ya dakika chache. Upana wa mboni si kigezo cha kuachia. Vitabu vingi vya nchi tajiri hupita hapo kwa aya moja, kisha hutumia ukurasa mzima kueleza dawa ya pralidoksimu ambayo mara nyingi hutaikuta kabatini. Kwa nyoka, kitabu cha Marekani kitakufundisha nyoka wenye njuga mkiani na dawa zao, ilhali wewe unahitaji kumtofautisha mgonjwa wa kifutu, anayevimba na kutoka damu, na wa koboko, anayelegea kope kisha misuli ya kupumulia, na kujua kwamba macho yaliyotemewa sumu na swila huoshwa kwa maji mengi mara moja.

Kitabu mama cha nje huenda kikashindwa baadhi ya majaribio haya na bado kikakufaa. Ikiwa kimeshindwa, andika kwa kalamu katika ukurasa husika kile ambacho mwongozo wa kitaifa unasema, pamoja na mwaka wa mwongozo huo. Wa Tanzania ulitolewa upya mwaka 2021, na unakuja pamoja na orodha ya taifa ya dawa muhimu, ambayo inakuonyesha dawa zipi zinatarajiwa kuwapo katika ngazi ipi ya hospitali. Madaktari wa Kenya wana michoro ya hatua za huduma ya dharura iliyotolewa na Emergency Medicine Kenya Foundation, na inafaa pia kwa msomaji wa upande huu wa mpaka.

Hatua ya nne: pima umri wa kitabu

Mwaka uliochapwa kwenye ukurasa wa mbele hautoshi, kwa kuwa kitabu huandikwa miaka miwili au mitatu kabla ya kutoka. Tumia alama za njiani. Asidi ya traneksamiki kwa majeruhi anayetoka damu, gramu 1 ndani ya saa 3 tangu kuumia, ilipata nguvu kwa utafiti wa mwaka 2010. Tafsiri mpya ya sepsisi, inayotazama kushindwa kwa viungo badala ya joto na mapigo pekee, ni ya mwaka 2016. Toleo la 10 la mafunzo ya majeruhi ya madaktari wapasuaji wa Marekani, la mwaka 2018, linazungumzia lita 1 ya maji ya mwanzo kabla ya kuhamia damu, pale ambapo vitabu vya zamani viliandika lita 2. Miongozo ya kufufua moyo nayo imekuwa ikirekebishwa kila baada ya miaka mitano: 2010, 2015, 2020 na 2025.

Wauzaji wa vitabu vya mitumba wa Posta, Dar es Salaam, wana hazina, na mimi ni mteja wao wa muda mrefu. Anatomia ya mkono haijabadilika, kusoma eksirei ya shingo hakujabadilika sana, na kitabu cha zamani cha picha za umeme wa moyo kinafundisha leo kama kilivyofundisha miaka 20 iliyopita. Nunua huko vitabu vya picha na vya sayansi za msingi. Vitabu vya dozi na vya hatua za matibabu usivinunue kwa sababu ya unafuu wa bei.

Hatua ya tano: vipimo na majina

Hili ni fupi lakini limewagharimu watu alama. Vitabu vya Marekani hupima sukari ya damu kwa miligramu kwa desilita, wakati sisi hutumia milimoli kwa lita. Gawanya kwa 18 upate yetu, hivyo 54 yao ni 3.0 yetu. Kreatinini yao izidishe kwa 88.4. Waingereza nao huandika hemoglobini kwa gramu kwa lita, hivyo 70 yao ni 7 yetu. Epinefrini ni adrenalini, asetaminofeni ni parasetamoli, albuteroli ni salbutamoli. Bandika karatasi ya namba na majina haya ndani ya jalada la kitabu siku unayokinunua, maana katikati ya maswali mia hutakuwa na subira ya kukokotoa.

Hatua ya sita: kitabu cha maswali hupimwa kwa maelezo yake

Wingi wa maswali ndio unaochapishwa kwa herufi kubwa kwenye jalada, na ndio usio na maana. Chukua maswali kumi ya eneo unalolijua vizuri, yajibu, kisha soma maelezo. Kitabu kizuri hueleza kwa nini jibu ni sahihi na, kwa kila jibu lililoachwa, kwa nini si bora na lingekuwa bora kwa mgonjwa wa namna gani. Kitabu kibovu huandika herufi ya jibu na kurudia sentensi moja. Weka pia mtego: tafuta swali la mzio mkali. Mahali popote ambapo antihistamini au steroidi imetangulia adrenalini ya miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja la mtu mzima, funga kitabu hicho.

Sababu ya kusisitiza kitabu cha maswali ni kwamba kujipima ni njia ya kujifunza kwa yenyewe. Watafiti wa Marekani Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliosoma kifungu mara nyingi walikumbuka kiasi cha asilimia 40 baada ya wiki moja, na waliosoma mara moja kisha wakajipima mara tatu walikumbuka asilimia 61. Jambo la kutahadhari ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Usingoje kumaliza kitabu mama ndipo uanze maswali. Soma sura ya sumu asubuhi, na jioni ujibu maswali ya sumu ukiwa umefunga kitabu.

Hatua ya saba: namna ya kuvipata

Kabla ya kuagiza kitabu kutoka nje, muulize mkutubi wa chuo chako kuhusu Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida na vitabu vya tiba bure au kwa ada ndogo. Nimekutana na madaktari walio katika mafunzo ya ubingwa wanaochanga fedha kununua kitabu ambacho maktaba yao ina haki ya kukifungua kwa nywila. Mnaosoma pamoja mkiwa wanne, mnaweza kumiliki vitabu vinne tofauti vya maswali na kubadilishana kila mwezi, mradi kila mtu aandike majibu kwenye daftari lake na si kitabuni.

Mafaili yanayozunguka kwenye makundi ya simu nisingeyategemea, hata ukiacha suala la haki za waandishi. Mara nyingi ukurasa wa toleo umeondolewa, majedwali ya dozi yamekatika pembeni, na desimali imefutika. Sufuri moja iliyopotea kwenye dozi ya mtoto ni jambo ambalo sitaki mtu ajifunze kwa njia hiyo.

Hatua ya nane: daftari la makosa

Kila swali ulilokosa liandike kwenye daftari moja kwa maneno yako: ulidhani nini, ukweli ni nini, na ukurasa gani wa kitabu mama unaoeleza. Majibu uliyopata kwa kubahatisha nayo yaandike, kwa kuwa ni makosa yaliyopata bahati. Wiki mbili za mwisho weka kando vitabu vyote vya maswali, usinunue kipya hata kama kundi zima linakisifia, na usome daftari hilo, mwongozo wa kitaifa na kurasa ulizoandika pembeni. Saa za jioni za wiki hizo wape wenzako: mmoja awe mtahini, mwingine mgonjwa, na wewe useme kwa sauti kila unachofanya kuanzia njia ya hewa, kwa dakika ileile ambayo kengele ya kituo itakupa.